Shule ya kata, kijana kapata four ya 26 form two: nimhamishe, arudie au aendelee form three?

mama_pasua ameandika:

Habari za saa hizi ndugu zangu. Mimi niko Moshi, naishi Pasua na nauza mitumba pale Memorial, nguo za watoto na majaketi msimu wa baridi. Nina kijana wangu yuko shule ya kata, jina la shule naomba niliache. Matokeo ya form two yametoka na tangu niyaone sijalala vizuri, nikaona nije huku maana najua mko walimu na wazazi wenzangu.

Nayaandika kama yalivyo kwenye tovuti ya NECTA, baraza la mitihani: CIV D, HIST D, GEO C, KISW B, ENGL D, BIO D, PHY F, CHEM F, B/MATH F. Division four ya 26.

Kinachoniuma ni kwamba huyu mtoto darasa la saba alipata wastani wa B, na hesabu alipata A, mwalimu wake wa primary aliniita kabisa akaniambia mama huyu usimwachie. Sasa ile A imekwenda wapi ndani ya miaka miwili? Sio mtoro, simu sijampa, makundi hana, daftari zake nakagua kila jumapili jioni na zina tiki za mwalimu kila ukurasa. Nimemuuliza ilikuwaje anasema mama nilijibu yote. Na mimi namwamini, huyu hajawahi kunidanganya hata hela ya nauli.

Ushauri nilioupata mpaka sasa unanichanganya tu. Shemeji yangu wa Arusha anasema nimtoe nimpeleke boarding ya private, ada aliyonitajia ni zaidi ya milioni mbili kwa mwaka na bado godoro, trunka, sare, nitabidi nikope kikoba. Jirani anasema arudie form two. Mwalimu mmoja pale shuleni kasema aendelee ila aachane na physics na chemistry akasome arts, mtoto aliposikia hivyo alilia kwa sababu ndoto yake ni umeme, nyumbani kwangu pasi na redio zote zimeshafunguliwa na yeye.

Na shule nzima ndo hali hiyohiyo, one nimehesabu mbili tu, kuanzia katikati ya orodha ni four na zero mpaka chini. Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Nifanyeje?

---

mdau_kiboriloni:

Pole sana dada. Mimi ushauri wangu ni mfupi, kama uwezo upo hata wa kujibanabana mtoe. Mtoto mwenye A ya hesabu la saba akifika form two anapata F sio yeye aliyeharibika. Wangu nilichelewa kumtoa mpaka leo najuta, alimaliza form four akiwa na zero na alikuwa mtoto anayesoma. Usisubiri.

---

mwl_hesabu_AR:

Dada yangu wa Pasua, mimi ni mwalimu wa hesabu, nafundisha shule ya kata huku Arusha mwaka wa tisa sasa, naomba unisome taratibu kabla hujakopa chochote.

Kwanza tuyasome hayo matokeo vizuri kwa sababu wazazi wengi mnaona "four" mnafunga ukurasa. Division inatafutwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ni point 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Kwa mwanao B moja, C moja na D nne inakuwa 21, hapo ni masomo sita, la saba halipo kwahiyo imeingia F moja ya point 5 ndo ikawa 26. Division three inaishia 25. Yaani mwanao angepata D moja tu kwenye hesabu au physics au chemistry, D ambayo inaanzia alama 30, leo ungekuwa unaongelea three ya 25. Sikwambii hivi ili ufurahi, nakwambia ili ujue umbali halisi uliopo.

Pili, F haisemi chochote. Aliyepata 29 na aliyepata 3 wote wanaandikiwa F, na NECTA hawatoi alama kwenye matokeo, wanatoa herufi. Hao wawili ni wagonjwa wa magonjwa tofauti kabisa. Kwahiyo kabla ya kuamua chochote nenda shule, muone mwalimu wa taaluma umwombe alama zake za mitihani ya ndani, ule wa mwezi wa sita na mock ya wilaya kama walifanya, na karatasi zenyewe kama mtoto anazo nyumbani ndo bora zaidi. Hapo utajua kama ana 27 au ana 4.

Tatu, kuhusu ile A ya la saba. Haijapotea. Mtihani wa hesabu wa la saba una maswali 45, 40 ni ya kuchagua anasiliba kivuli, matano tu ndo ya kuonyesha njia, na ni wa kiswahili. Form two anakuta maswali 10, kila moja alama 10, hakuna kuchagua, kila hatua inahesabiwa na yote ni kiingereza. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa kiswahili tunampa wiki chache za maandalizi ya lugha form one, na hizo wiki zenyewe shule nyingi wanazipitia mbiombio kwa sababu darasa lina watoto 80 na silabasi inasubiri. Baada ya hapo kila kitu kiingereza isipokuwa kiswahili. Angalia somo gani mwanao ana B.

Na nne hii inaniuma kuisema. Ile tiki unayoiona kwenye daftari kila jumapili isikupe amani. Mimi nina mikondo minne peke yangu, wanafunzi zaidi ya 200, kazi ninayowapa jumatatu siwezi kuisahihisha hatua kwa hatua, napita napiga tiki ya kuonyesha nimeona kwamba amenakili. Natamani isiwe hivyo. Mzazi anaona tiki anajua mtoto kapata, kumbe mtoto kanakili ubaoni mfano nilioufanya mimi.

Fanya jaribio moja leo usiku. Chukua mtihani wake wowote wa hesabu wa zamani, chagua swali la maneno alilokosa, msomee kwa kiswahili bila kumwonyesha majibu yake. Akilipata, tatizo umelijua. Akilikosa na kwa kiswahili, basi ni hesabu yenyewe, tutaanza pengine. Rudi hapa utuambie.

---

zao_la_2012:

Mimi nimefanya form four 2012, nadhani wengi mnaukumbuka mwaka ule, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipata zero, waziri mkuu Pinda akaunda tume na baadaye matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Mimi nilikuwa kwenye ile zero. Nakumbuka nilivyotoka Majengo kwa miguu mpaka internet cafe mjini kuangalia, nilivyoona sikurudi nyumbani mpaka saa tatu usiku.

Nachotaka kukuambia mama, kilichoniumiza mimi zaidi ya zero ni nyumbani. Mzee hakuniuliza hata siku moja nilikosea wapi, aliniambia tu kichwa chako ni cha kushika jembe, na mimi nikaamini, ikanichukua miaka minne kurudia mtihani kama private candidate. Niliporudia niligundua vitu vingi nilikuwa navijua, nilikuwa sielewi swali linataka nini. Swali linasema "differentiate" mimi naandika maana ya kitu cha kwanza na maana ya kitu cha pili naona nimemaliza. Swali linasema "outline" najaza ukurasa mzima muda unaisha. Hamna mtu aliyewahi kukaa na mimi akaniambia hili neno linataka hivi.

Kaa na mwanao. Usimlinganishe na wenzake, muulize swali moja moja.

---

mama_pasua:

Mwalimu Mungu akubariki. Nimefanya ulivyosema jana usiku na mpaka sasa natetemeka.

Tulitoa karatasi yake ya mtihani wa mwezi wa sita kwenye begi, ana 24 kwa mia hesabu. Kuna swali la mfanyabiashara kanunua koti shilingi elfu 20 akaliuza kwa loss ya asilimia 15, tafuta bei aliyouzia. Yeye kaandika elfu 23, mwalimu kapiga mkasi mwekundu mkubwa. Mimi kwa kiingereza changu cha la saba nilimuuliza dada mmoja wa jirani anisaidie kulitafsiri ndo nikamsomea mtoto. Nikamwambia mwanangu, nimenunua koti elfu 20, mteja kanibana nimeliuza kwa hasara ya asilimia 15, nimepokea shilingi ngapi. Hakushika hata kalamu. Akasema elfu 17 mama, umepoteza elfu 3.

Nikamwonyesha karatasi yake, nikamuuliza hapa mbona uliandika elfu 23? Akaangalia muda mrefu. Nikamuuliza loss ni nini, akasema si faida? Nikamwambia nani kakufundisha hivyo, akasema mwalimu siku zote anasema profit and loss kwa pamoja, nikajua ni kitu kimoja.

Ndugu zangu huyu mtoto jumamosi ananisaidia Memorial, anajua hasara kuliko watu wazima wengi, belo ikifunguliwa ikiwa mbaya yeye ndo anapiga hesabu tutarudisha kiasi gani. Miaka miwili hajui kwamba hasara inaitwa loss. Na mimi nilikuwa naona tiki.

Ya pili ilikuwa ya kiwanja, wanataka urefu wa uzio, neno lililoandikwa ni perimeter yeye katafuta eneo. Akanikokotolea yote mawili hapohapo nilipomwambia uzio.

Ila kuna swali la logarithm nilimwita yule dada akamweleza kwa kiswahili akalikosa hivyohivyo, kwahiyo sio yote lugha. Nasema ukweli ili mnishauri vizuri.

---

bintimeru:

Nimesoma hii ya koti nimelia, mimi ni mzazi pia.

Naomba niseme kidogo kuhusu private kwa sababu mdau wa Kiboriloni kakuambia umtoe na simlaumu. Mimi nilimtoa binti yangu form two kwenda form three. Kilichofanya asogee sio majengo wala basi la shule, darasa lilikuwa na watoto 35 na kila siku wanaongea kiingereza mpaka bwenini, alikaa kimya miezi mitatu ya kwanza akawa ananipigia simu analia, baadaye akafunguka. Hilo lipo na lina thamani, siwezi kukudanganya.

Ila jua mambo mawili. Shule nyingi hizo unazoziona zina one tupu zinachuja mlangoni, mwanao atapewa interview na kwa hizo F tatu wanaweza kumkataa au wakakwambia aanze upya form one au form two, na zingine zina wastani wao, mtoto akiushuka mwisho wa mwaka wanakuambia tafuta shule nyingine. Kwahiyo matokeo yao mazuri usiyalinganishe na ya kata moja kwa moja. Kata inapokea kila mtoto wa mtaa aliyefaulu la saba, waliofaulu sana sana serikali imeshawachukua kwenye shule zake za vipaji kina Ilboru na Kilakala, wenye hela wameshaenda private, halafu waliobaki ndo tunawapa mwalimu mmoja wa hesabu kwa mikondo minne. Hata NECTA wenyewe tangu matokeo ya form four ya 2022 waliacha kutangaza shule kumi bora.

La pili ni mkopo. Mimi ada ya muhula wa pili ilinishinda, mtoto akarudishwa katikati ya mitihani. Siku zile alizokaa nyumbani zilimrudisha nyuma kuliko kata ilivyomrudisha. Kama hela ni ya kikoba na biashara ni mitumba mama, fikiria mara mbili. Kwa robo tu ya hiyo hela unampata mwalimu mzuri wa kumpiga pindi nyumbani mara tatu kwa wiki.

---

fundi_njoro:

Mimi naongea kama fundi umeme. Kuhusu kuacha physics usikubali haraka. Form three masomo anayoweza kuacha ni physics na chemistry, biology na hesabu yanabaki lazima. Ila akishaiacha physics, kwenye umeme anabaki na njia nyembamba. Veta, vyuo vya ufundi stadi, ataingia, na veta ni nzuri mimi nimepita huko, lakini akitaka chuo cha ufundi pale Arusha akasome diploma ya umeme wanaangalia cheti cha form four, hesabu na physics ndo macho yanapoanzia. Nimefanya kazi na vijana wenye diploma hiyo, kazi tunafanya sawa ila mkataba wanasaini wao.

Mtoto anayefungua pasi akiwa form two tayari anaijua saketi kwa mikono. Mchoree saketi ya nyumba yenu kwa kiswahili halafu amwandikie mwalimu majina ya kiingereza. Mimi nilifundishwa "fyuzi" na "waya wa ethi" mtaani kabla sijajua ni maneno ya darasani.

---

mdau_kiboriloni:

Dada nimesoma majibu yako, narudisha kauli yangu nusu. Wangu sikuwahi kumfanyia hilo jaribio. Sikujua kama linafanyika.

Ila nauliza, haya mambo ya lugha si serikali ingeamua tu wafundishe kwa kiswahili? Sera ya elimu ya 2014 si ilisema kiswahili kitumike ngazi zote, iliishia wapi?

---

mwl_hesabu_AR:

Mdau, hilo swali nalijua na staff room tunalibishania kila mwaka, lakini huyu mtoto anafanya form four mwakani, mtihani wake utakuwa kiingereza, tumsaidie kwa huo uliopo.

Dada, sasa naweza kukushauri nikiwa na kitu mkononi.

Kurudia form two hapana. Wanaorudia ni waliopata zero, yeye kafaulu, na akirudia atakaa mwaka mzima kwenye darasa lilelile anasikia profit and loss ileile bila mtu wa kumwambia loss ni hasara. Aendelee form three.

24 ya mwezi wa sita ni mtoto aliyebakiza alama 6 apate D, na koti na uzio peke yake zingekuwa zimemvusha. Kwahiyo anza na maneno kabla ya logarithm. Mnunulie daftari dogo la mfukoni, sio kubwa. Kila siku maneno matano ya hesabu na matano ya physics, kushoto neno, katikati maana kwa kiswahili, kulia mfano wa kwake mwenyewe kutoka Memorial au kutoka kwenye hiyo pasi. Loss, hasara, koti la elfu 20 limeuzwa elfu 17. Perimeter, mzunguko wa uzio. Aandike mfano wa kwake, asinakili wa mtu, hapo ndo neno linakaa. Jumapili badala ya kukagua tiki wewe mfunike upande wa kiswahili muulize. Huhitaji kujua kiingereza kwa hilo, unamsikiliza tu kama anakwama.

Halafu maneno ya maswali aliyosema zao la 2012, state, outline, explain, differentiate, calculate, hence. Hayazidi kumi na tano ukiyakusanya, ila ndo yanayomaliza watoto. NECTA wanatoa kila mwaka taarifa za uchambuzi wa majibu, zinakuwa kwenye tovuti yao, zinaonyesha majibu ya watoto walioshindwa na waliofaulu yaliyopigwa picha na mwandiko wao, somo kwa somo. Utaona watoto wamenakili swali kama jibu, kurasa nzima. Nenda stationery yoyote wakuprintie ya hesabu na ya physics za form two, muache asome yale majibu mabaya aseme kosa liko wapi. Wanafunzi wangu wanaipenda hii kazi kuliko mfano wowote ninaoandika ubaoni, sijui kwanini, labda kwa sababu wanaona hawako peke yao.

Topic zilizomshinda kweli kama logarithm ndo umtafutie mwalimu wa jioni, na umwambie mwalimu huyo hivi: anza na topic za form one, mtihani wa form two unazibeba na form four utazibeba pia. Vijana wengi wa chuo wako likizo Moshi sasa hivi watakufundishia kwa bei ya kueleweka, ila kaa hapo uangalie siku ya kwanza, kama anaongea yeye saa nzima na mtoto hashiki kalamu, tafuta mwingine.

Physics asiache sasa. Omba kwa mwalimu wa taaluma apewe mpaka mtihani wa mwezi wa sita, shule nyingi wanakubali mzazi akija mwenyewe na akiwa na sababu.

---

mama_pasua:

Nimeandika yote. Daftari nimenunua mawili, moja lake moja la kwangu.

Jumatatu ndo nakwenda shule, sitafungua meza Memorial mpaka saa sita. Nitabeba ile karatasi ya 24. Mwalimu naomba kitu kimoja cha mwisho, nikifika kwa mwalimu wa taaluma nianzeje, maana mimi ni mtu wa la saba na wale walimu huwa nawaogopa, nikiongea naonekana nimekuja kulaumu.

---

mwl_hesabu_AR:

Usianze na matokeo. Weka ile karatasi mezani ifungue kwenye swali la koti, umweleze ulivyomsomea kwa kiswahili na alivyojibu. Halafu nyamaza. Na ukipata nafasi muombe akuitie mwalimu wa hesabu naye alione.